Nyuki Waliokaa Eda

Juzi mwanangu alipougua dengi, jirani wa ghorofa ya juu alinishauri nimtengenezee maji ya majani ya mpapai. Sisemi yanatibu. Hospitali walituambia anywe maji mengi na dawa ya kushusha homa, tukampa, na ya mpapai pia tukampa, akapona. Kilichomponya siwezi kukijua, na sitaki kumdhulumu daktari wala jirani. Ninachotaka kusema ni kingine. Nilipolikata lile jani, bua lake lilibaki mkononi mwangu linatoa utomvu mweupe, na ile harufu yake chungu, ya kitu kibichi, ikaniingia mpaka kooni. Nikaliinua bua usawa wa jicho. Ndani tupu, mwanga unaonekana upande wa pili. Nilisimama pale jikoni mpaka mwanangu akaita mara ya pili, "Mama, vipi?" Huzuni sikuwa nayo. Nilikuwa nimesimama tu.

Tangu hapo naandika haya kidogo kidogo, nafuta, narudia. Kuandika si kazi yangu. Niliishia darasa la saba nikaenda kwenye cherehani. Kuna mambo nayaona wazi kabisa na bado sina hakika kama niliyaona mwenyewe au nilisimuliwa. Pale nisipokuwa na hakika nitasema.

Tulikuwa tunakaa Kariakoo, kwenye nyumba ya babu, zile zenye korido katikati na vyumba huku na huku. Wa rika langu mnazikumbuka. Mbele kulikuwa na baraza, na barazani ndipo baba alipoweka cherehani yake, maana alikuwa fundi wa nguo za kike. Chumba cha mbele alipanga Mama Aneti, Mchaga wa Marangu, akakifanya duka la soda, sabuni na viberiti. Sisi tulikuwa na vyumba viwili vya nyuma, na Shangazi Mwanaidi, dada yake baba, alikuwa na chumba chake karibu na mlango wa uani. Uani ndiko kulikokuwa na bustani, kama unaweza kuiita bustani: mpapai mmoja uliojiotea karibu na bafu, mchaichai, mrehani, na mwaridi wa mama kwenye ndoo ya rangi iliyotobolewa chini. Nje ya ukuta ule ilikuwa mikokoteni na watu wanaitana bei tangu alfajiri. Ndani ya ukuta ulisikia mpaka maji yakidondoka kwenye karai.

Siku moja mama alishindwa kufungua mlango wa chumba. Ufunguo hauingii. Akainama, akachungulia kwenye tundu la kitasa, akaona kijani. Mama Aneti alikuwa anapita na ndoo yake ya maji.

"Usiguse, Mama Zai!" alisema. "Hapo pana mkono wa mtu."

"Mkono wa nani?"

"Mimi najuaje? Ila majani hayatembei yenyewe yakaingia kwenye kitasa. Hebu ona, yamekunjwa! Yamepangwa!"

"Ya mwaridi wangu haya," mama alisema.

"Si ndiyo hivyo. Wanachukua cha kwako, wanakufungia nacho."

Baba alikuja kutoka barazani ameuma sindano mdomoni, kama kawaida yake. Akapiga magoti, akachokonoa kitasa taratibu. Kikatoka kitu kama sigara ndogo ya majani, vipande vya mviringo vimepandana, na ndani kuna unga wa njano unaonata. Akavitandaza vile vipande kiganjani, akaweka kimoja juu ya kingine. Vililingana.

"Huyu fundi," alisema. "Tazama mkato huu. Hana chaki, hana futi."

"Fundi gani?" Mama Aneti aliuliza, bado amesimama mbali.

"Nyuki. Wale wanaokuja kwenye mwaridi. Juzi nimemtoa kwenye tundu la skrubu la cherehani, nikadhani kuna mtoto amechezea." Akanitazama. Nilikuwa sijachezea.

"Nyuki anakaa kwenye mzinga, Baba Zai."

"Huyu hana mzinga. Huyu kila mmoja kivyake."

"Kama sisi wapangaji," Mama Aneti alisema, na hapo ndipo alipocheka akasogea kuangalia. "Basi mdai kodi."

Mama hakucheka sana. Alikuwa amembeba mdogo wangu Hamisi mgongoni na jua linamchoma. "Mfukuze au mpe chumba kingine," alimwambia baba. "Mimi nataka kuingia ndani."

Baba akampa chumba kingine.

Kwanza alijaribu mabua ya mpapai. Mimi ndiye niliyekuwa nayashika wakati anakata, utomvu unanidondokea kwenye gauni na mama anagomba kwamba doa lake halitoki. Yalikuwa mazuri siku ile, lakini yalipopigwa na jua yalisinyaa yakawa kama soksi. Ndipo akachukua matete. Bafu letu la zamani lilikuwa limezungushiwa matete kabla halijajengwa la matofali, na mengine yalikuwa bado yameegemezwa ukutani. Akayakata pingili moja moja, kila kipande upande mmoja ameacha fundo ili pawe pameziba. "Chumba hakina milango miwili," aliniambia. "Hiyo itakuwa korido." Akasugua midomo ya matete kwenye jiwe mpaka ikawa laini, isije ikamchana mtu mbawa. Akayafunga fungu moja kwa kitambaa, akayasokomeza kwenye kopo kubwa la mafuta ya kupikia, akalilaza kopo chini ya bati, pale panapopata jua la asubuhi na mvua haifiki.

Sikumbuki tulisubiri kiasi gani. Nakumbuka nyuki wa kwanza alikuja amekumbatia kipande cha jani kwa miguu, anaruka kwa kuyumba kama mtu aliyebeba godoro. Akaingia. Ukiweka sikio kwenye kopo ulimsikia mle ndani, kama mtu anayeongea peke yake chumba cha pili. Akatoka kinyumenyume, akaenda, akarudi tumbo limejaa vumbi la njano. Mwishoni kabisa alileta vipande vya mviringo tu, kimoja juu ya kingine, akaziba mlango, akaondoka. Baba aliacha cherehani akaja kuangalia. "Humo kaweka watoto, kila mmoja na chakula chake," alisema. Nilimuuliza mama yao anarudi lini. Alisema harudi. Nilidhani ananitania.

Baba alifariki muda si mrefu baada ya hapo. Alianguka barazani, kwenye cherehani, mchana watu wakipita. Wakampeleka hospitali na hakurudi akiwa hai. Watu wazima walisema presha. Kesho yake akazikwa. Nakumbuka mikeka ilivyotandikwa korido nzima, na miguu ya wanawake ilivyojipanga, na soda aliyonipa Mama Aneti, ya machungwa, ya moto kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Ladha ya ile soda naikumbuka kuliko sura ya baba siku ile. Mwanamke mmoja alinishika kidevu akasema, "Huyu mtoto hata chozi." Hakusema kwa ubaya. Nilijaribu kulia ili asijisikie vibaya, lakini halikuja. Nilikuwa kama mguu ulioukalia muda mrefu: unaona kabisa ni wako, unaupiga kofi, na kofi linampata mtu mwingine.

Mama akaingia eda. Kwa wasio wa desturi zetu niseme kwamba mjane anakaa ndani muda uliowekwa, hajipambi, hajipaki manukato, hatoki ila kwa jambo lisiloepukika. Chumba chetu siku zote kilikuwa kinanukia udi na mafuta ya nazi. Sasa hakikunukia kitu. Nikiingia nilikuwa nanusa kwanza, na hakuna. Pazia la mlangoni lilikuwa limeshushwa tangu asubuhi. Mama alikaa kwenye mkeka na nguo zake nyeupe, anamnyonyesha Hamisi, na akinitazama alikuwa kama anasoma kibao ambacho maandishi yake yamefutika. Nikimwambia nimerudi shule, alisema, "Haya." Nikimwambia nina njaa, alisema, "Haya." Hakuwa mkali. Hakuwa chochote.

Kupika na kufua ilikuwa kazi ya Shangazi. Siku moja alikuwa uani anafua na mimi nimechuchumaa karibu na kopo.

"Shangazi, mama atatoka lini?"

"Akimaliza eda."

"Na hawa?" Nilionyesha matete. Mengi yalikuwa yameshazibwa, mengine kijani chake kimeshakuwa kahawia.

Shangazi alikuwa na povu mpaka kwenye viwiko na karai limejaa nguo za nyumba nzima. "Nao wako eda," alisema. "Usiwaguse."

"Wakitoka na mama atatoka?"

"Eeh. Wakitoka na mama atatoka. Haya nisogezee hiyo ndoo."

Simlaumu. Wanangu nimeshawajibu mambo mengi kwa namna hiyo hiyo, mkono kwenye sufuria. Yeye alijibu ili afue, mimi nikalichukua jibu kama lilivyo. Na ukitazama, lilikuwa linaingia akilini. Mama alikuwa nyuma ya pazia na wao nyuma ya jani. Hakuna aliyekuwa analia, si mama wala wao. Nilikuwa nikiweka sikio kwenye kopo na sisikii kitu, nikiweka sikio kwenye mlango wa mama sisikii kitu.

Mwanzoni basi nilitaka watoke haraka. Kabla ya shule nilikuwa naenda kuangalia. Halafu siku moja alikuja Baba Mkubwa, kaka yake baba, baada ya sala ya alasiri, wakakaa na Shangazi uani wanakunywa chai. Mimi nilikuwa nyuma ya mpapai. Hawakujificha na mimi sikujificha. Nadhani hawakufikiri kama mtoto anasikia.

"Akitoka eda wanakuja kumchukua," Baba Mkubwa alisema. "Kaka yake kaleta salamu kutoka Kilwa."

"Na watoto?"

"Mdogo ananyonya, huyo ni wa mama yake. Zai abaki. Shule iko hapo mlangoni, akaanze upya huko kwa nani?"

"Umemuuliza mama yake?"

"Mwanaidi, nitamuuliza nini mtu yuko eda? Akitoka tutaongea."

"Mtoto wa kike anamtaka mama."

"Na kusoma je? Wewe ulisoma? Mimi nilisoma?" Chai yake aliimwaga kwenye sosa akaipuliza, akainywa kwa sauti. "Kama una neno bora kuliko hilo, sema."

Shangazi akamwongezea chai. Neno bora kuliko hilo, kwa haki, hata mimi leo hii sina. Baba Mkubwa alikuwa na watoto wake wa kutosha na bado alikuwa ananitaka mimi niongezeke. Sitaki mtu asome hapa amwone mtu mbaya. Lakini siku ile sikusikia habari za shule. Nilisikia "akitoka".

Hapo ndipo hesabu yangu ilipogeuka. Kama mama akitoka ananiacha, basi asitoke. Na kama yeye na nyuki wanatoka pamoja, basi wakati wote awepo nyuki ambaye bado yuko ndani. Sikuwa na haja ya kumfungia mtu kwa nguvu. Kilichotakiwa ni vyumba. Nyuki wakipata vyumba wataingia na kuziba, na wa mwanzo watakapokuwa wanatoka, wapya watakuwa ndani. Nikilifuata wazo hili leo hatua kwa hatua sioni pale nilipokosea, isipokuwa mwanzoni.

Matete ya bafu niliyamaliza. Kisu sikuruhusiwa, kwa hiyo nilikuwa nayavunja kwenye goti, yanachanika, nachagua yaliyosalimika. Mama Aneti akanipa mirija ya soda. Niliifunga fungu kama nilivyomwona baba. Nyuki akaja, akaingiza kichwa, akatoka, hakurudi.

"Hawataki plastiki," nilimwambia Mama Aneti.

"Heee! Wapangaji wa siku hizi," alisema. "Wanachagua mpaka ukuta." Akaniongezea biskuti. Hakuniuliza navitakia nini vyumba vyote vile. Sijui kama ningemwambia.

Nikaenda kwa wauza kuku. Yule wa pembeni alikuwa na tenga la mianzi lililovunjika, na baadhi ya vijiti vyake vilikuwa na tundu la kutosha kidole changu kidogo.

"We mtoto, vya nini hivyo?"

"Nyumba ya nyuki."

"Kwa hiyo nyuki walale kwenye tenga langu, kuku wangu walale hotelini?"

Wenzake walicheka. Mimi nilisimama pale pale, sikuondoka na sikuomba tena. Akaniangalia, nadhani alinijua ni mtoto wa yule fundi, akavunja vijiti mwenyewe akanipa vyote. Hata asante sikumbuki kama nilisema.

Vilipojaa na hivyo, nikaingia kwenye karatasi za baba. Zilikuwa zimetundikwa kwenye msumari ndani ya chumba cha pili, karatasi za kaki ambazo alikuwa anakatia vipimo: kola, mikono, vifua. Nilizikata vipande, nikavizungushia penseli, nikavigandisha kwa gundi ya unga wa ngano, upande mmoja nikaukunja ili pazibe. Zilikuwa nzuri kuliko zote. Nilikuwa nimejaza beseni zima Shangazi aliponikuta.

"Zai! Karatasi za marehemu!" Akanishika mkono. "Kuna kola ya mtu hapa! Huu si mkono wa gauni? Una wazimu?"

Nilisema ni za nyuki. Akaanza kunivuta kwenda nje, na hapo sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Mwache."

"Anakata vipimo vya baba yake, wifi."

"Vipimo hivyo nani atashona? Mwache."

Sikumsikia mama akisema maneno mengi kuliko hayo kipindi kile chote. Shangazi akaniachia mkono. Alikaa kwenye kiti, akatazama beseni, halafu akachukua karatasi moja akaizungusha kwenye penseli, kama anajaribu tu. Tukaendelea wote wawili. Nafikiri alikuwa analia lakini sitaki kuapa.

Nyuki walizikubali karatasi. Mwaridi wa mama ulikuwa umeshakatwa majani mpaka unafanana na kitambaa cha lesi, kila jani lina duara au maduara mawili yamekosekana. Nilikuwa naumwagilia maji niliyoogea ili uchipue, maana bila majani hakuna milango. Kila nikirudi shule nilikuta mdomo mwingine umezibwa. Sikuwa na furaha, nisiseme uongo. Ilikuwa kama kuchota maji: ndoo imejaa, unaweka nyingine.

Kisha moja ya yale matete ya baba likafunguka. Nilikuta kizibo cha jani kina tundu, limetafunwa kutoka ndani, na ndani hakuna mtu. Nilikimbia mpaka chumbani. Mama alikuwepo, amelala ubavu anatazama ukuta, Hamisi amelala nyuma yake. Nilisimama nikamtazama mpaka nilipoona bega lake linapanda na kushuka. Basi nikajua mpango unafanya kazi. Mmoja katoka, wengine wapo, na mama yupo. Siku zilizofuata yalifunguka mengine, na mapya yakazibwa, na pazia likabaki limeshuka. Nilianza kulala vizuri.

Kwa hiyo niliporudi shule siku ile nikakuta nyumba inanukia udi, sikuelewa. Harufu ilianzia barazani. Korido ilijaa wanawake, mikeka imetandikwa tena, lakini safari hii walikuwa wanacheka. Mama alikuwa amekaa katikati yao ameoga, amevaa gauni jipya na kanga mpya, macho ameyatia wanja. Niliwapita wote nikaenda uani. Nikaangalia kopo. Nikaangalia karatasi. Nikarudi.

"Mama, bado," nilisema. "Wengine hawajatoka."

"Wengine nani?" mwanamke mmoja aliuliza.

"Nyuki. Bado wako eda. Mama asitoke."

Kicheko kikapasuka kutoka mwanzo wa korido mpaka mwisho.

"Eti nyuki nao wamefiwa!"

"Mume wao nani jamani, tumpelekee rambirambi?"

"Waambie wakimaliza waje tuwatie hina!"

Mama Aneti naye alicheka, mpaka akajifuta macho kwa kitenge. Shangazi hakucheka. Alikuwa ameshika sinia la kahawa, akaliweka chini. Nilimwona anakumbuka. Mama aliinuka akaja, akanishika bega, tukaenda uani wote. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona juani tangu msiba, na alikuwa mweupe, kama mtu aliyetoka kwenye unga. Aliinama akaweka sikio kwenye kopo.

"Nani alikuambia?" aliuliza.

Nikamwambia, Shangazi.

"Na hizi zote umeziweka wewe?"

Nikasema mimi na Shangazi.

Aliuangalia mwaridi wake, akaangalia ukuta mzima jinsi nilivyotundika mafungu, ya matete, ya mianzi, ya karatasi, mpaka mirija ya soda ambayo hakuna aliyeitaka. Sijui alielewa kiasi gani. Nimejiuliza miaka yote. Ninachokumbuka ni kwamba alisema, "Umefanya kazi," kwa sauti ile ambayo baba alikuwa anaitumia kwa mteja aliyeleta kitambaa kizuri. Kisha wakamwita ndani.

Siku chache baadaye alikuwa anapanga nguo zake kwenye begi na mimi nimekaa kitandani. Alikunja kanga, akaikunjua, akaikunja tena.

"Zai."

"Abee."

"Baba yako mkubwa anataka ubaki usome. Mimi nimemwambia nitakuuliza. Unataka twende wote, au ubaki?"

Niliyoyafanya ili asiondoke mmeshayasoma. Hilo swali ndilo nililokuwa nalitaka, ingawa sikujua kama linaweza kuulizwa. Nilifungua mdomo, na ndani nilikuta kule kule kulikokosa machozi siku ya msiba. Hakukuwa na kitu. Nilisikia mtu anasema, "Sawa tu."

"Sawa tu nini?"

"Sawa tu yoyote."

Alisubiri. Naamini alisubiri, kwa sababu nakumbuka mkokoteni ulipita nje mpaka ukaishia mbali na kanga bado iko mkononi mwake. Halafu akasema, "Haya," akafunga zipu.

Baadaye, nilipokuwa naenda Kilwa likizo, nilikuwa namsikia akiwaambia watu, "Zai alichagua shule mwenyewe." Sikuwahi kumsahihisha. Huenda ndivyo alivyosikia. Huenda ndivyo nilivyosema na mimi ndiye ninayekumbuka vibaya. Yeye alikuwa mtu mzima na mimi mtoto. Alinilea kwa namna alivyoweza kutoka mbali, akanitumia korosho na madafu kila alipopata mtu wa kuja mjini. Nyumba ile iliuzwa, sasa ni ghorofa, na chini wanauza mapazia. Baba Mkubwa alinisomesha mpaka mimi mwenyewe niliposhindwa kuendelea. Hakuna aliyenionea.

Siku ya safari mjomba alikuja na mkokoteni wa kubebea mizigo mpaka stendi. Mama alisimama barazani na buibui lake, Hamisi mgongoni. Baba Mkubwa alikuwepo, Mama Aneti alileta mkate wa njiani. Watu walikuwa wanapita katikati yetu kama kawaida ya mtaa ule, wengine na mizigo kichwani, wanasema samahani, samahani. Shangazi alinisukuma taratibu mgongoni.

"Nenda kamuage mama yako."

Nilitembea mpaka mbele yake. Nilijua kuna neno linalotakiwa na kwamba watu wote wanalisubiri. Nililitafuta. Lililokuja ni lile ambalo mtoto anamwambia mtu mzima aliyeingia nyumbani.

"Shikamoo, Mama."

Mwenye mkokoteni alicheka kidogo. Mama hakucheka. Alinitazama, akapandisha mbeleko ya Hamisi begani, akaikaza.

"Marahaba," alisema. "Hujambo?"

"Sijambo," nikamwambia.